Meza ya The Planet: Je, The L Word ilistahili kufufuliwa?

Machi 2023 kituo cha Showtime cha Marekani kilifuta tamthilia ya The L Word: Generation Q baada ya misimu mitatu na vipindi 28. Huo ukawa mwisho wa jaribio la kuifufua The L Word, tamthilia iliyorushwa na kituo hicho hicho kuanzia Januari 2004 hadi Machi 2009, ikisimulia maisha ya kundi la wanawake wanaopenda wanawake wenzao mjini Los Angeles: mapenzi yao, fitina zao, kazi zao, na zaidi ya yote urafiki wao. Ubishi haujapoa mpaka leo. Wapo wanaosema ya kale yangeachwa yalale. Wapo wanaosema ilifufuliwa vizuri, ila ikakatwa pumzi mapema.

Sauti tatu zinazofuata ni za kubuni. Tamthilia wanayoigombania ni ya kweli. Shangazi ni mzaliwa wa Mombasa aliyehamia Marekani akiwa kijana na kuitazama ile ya kwanza ilipokuwa ikitoka. Binti ni mtoto wa kaka yake, kazaliwa huko huko ughaibuni, naye alianza na ya pili kisha akarudi nyuma. Fundi anaandika tamthilia za runinga Nairobi na hana ndugu katika ugomvi huu. Mimi nimeshika kalamu, na nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

SHANGAZI: Kwanza tujue tulikotoka. Mwaka 1997 Ellen DeGeneres alijitangaza hadharani, na mhusika aliyemwigiza katika kipindi chake cha vichekesho akajitangaza naye. Mwaka uliofuata kipindi kikafutwa. Hadi Juni 2003 palikuwa na majimbo ambako watu wazima wawili wa jinsia moja waliweza kushtakiwa kwa kulala pamoja ndani ya nyumba yao. Ilibidi Mahakama ya Juu iamue kesi ya Lawrence dhidi ya Texas ndipo yakaisha. Haikutimia hata miezi saba, tukawaona Bette, Tina, Alice, Shane na Dana wameketi katika mkahawa uitwao The Planet, wanakunywa kahawa na kusengenya. Runinga ilikuwa imetuzoesha kwamba mwanamke wa namna hiyo akiingia kwenye hadithi, amekuja kufa, au kumfunza mtu adabu, au kurudiwa na fahamu na kuolewa. Hawa walikuwa wanakunywa kahawa tu.

FUNDI: Hiyo "tu" ndiyo ngumu kuandika, mama.

SHANGAZI: Basi wao waliiandika. Chukua ubao wa Alice. Alice ni mwandishi wa magazeti asiyejua kufunga mdomo. Nyumbani kwake ana ubao mweupe, kaandika majina ya wanawake, na kila wawili waliowahi kulala pamoja kawaunganisha kwa mstari. Mstari unazaa mstari, majina yanazidi, na jina la Shane linavutwa huku na huku. Alice anashikilia kwamba ukifuata mistari ile kwa subira, utamfikia mtu yeyote kutoka kwa mtu yeyote. Marafiki zake wanamcheka, kisha mmoja mmoja anasogea kutafuta jina lake. Hapo hajafa mtu, hajaachwa mtu. Kuna marafiki na kalamu ya wino. Mimi nilikuwa mgeni katika mji wenye baridi, sina hata mtu mmoja wa kumwambia lililomo moyoni, na nikatamani kuwamo kwenye ubao ule hata kwa mstari mmoja.

BINTI: Shangazi, nakuelewa. Lakini hebu tazama ni akina nani waliokuwa kwenye ubao huo. Wengi weupe, wembamba, wenye nyumba zenye bwawa la kuogelea. Carmen, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, aliigizwa na Sarah Shahi, ambaye asili yake ni ya Iran. Papi, dereva wa limuzini mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, aliigizwa na Janina Gavankar, ambaye baba yake ni Mhindi. Yaani mradi ngozi ina rangi, asili ilikuwa ya kubandika. Hata jiji lenyewe lilikuwa la kubandika: mkahawa na mitaa ya West Hollywood ilipigwa picha Vancouver, Kanada.

SHANGAZI: Vancouver mvua hainyeshi kila siku, mwanangu. Na Bette je? Mwigizaji wake, Jennifer Beals, mwenyewe ndiye aliyewaomba waandishi Bette awe mtoto wa baba mweusi na mama mweupe, kama alivyo yeye. Ndipo dada yake Bette, Kit, akaigizwa na Pam Grier.

BINTI: Aliomba. Ndiyo hoja yangu. Ilibidi aombe.

Hapa Binti amepiga palepale, na Shangazi ananyamaza kidogo. Ilene Chaiken, mtayarishaji mkuu wa ile ya kwanza, alikuwa akiandika juu ya watu anaowajua, katika mtaa anaoujua, na tabaka analolijua. Aliyebaki nje alibaki nje kwa sababu hakuwamo kwenye karamu hizo. Si ubaya wa moyo. Lakini kwa mtazamaji aliyeachwa nje, moyo wa mwandishi haumsaidii kitu.

BINTI: Na sijamtaja Max.

SHANGAZI: Nilijua utamtaja.

BINTI: Lazima nimtaje. Max anaingia msimu wa tatu, mwaka 2006, akitoka Illinois, anafanya kazi ya kompyuta. Anaanza kuishi kama mwanamume. Marafiki wale wale wanaokunywa kahawa na kudai dunia iwakubali, wakamgeuza kichekesho. Homoni zinaonyeshwa kama ugonjwa wa hasira. Mwishoni wanamwacha mjamzito, mwenzi wake kamkimbia, nao wanamwandalia sherehe ya mtoto asiyoitaka. Halafu tamthilia ikaisha, yeye yuko hapo hapo. Vijana waliotaka kujijua walimtazama Max wakajifunza kuogopa.

SHANGAZI: Kwa Max sina utetezi. Hata wakati ule nilikuwa naona haya.

BINTI: Sasa hiyo ndiyo kazi ya ufufuo. Desemba 2019 tamthilia inarudi, Marja-Lewis Ryan akiwa ameshika usukani. Micah, mwanamume aliyebadili jinsia, anaigizwa na Leo Sheng, ambaye naye ndivyo alivyo. Dani ana asili ya Iran na Chile. Mwigizaji wake, Arienne Mandi, ana asili hiyo hiyo. Sophie ametoka familia ya Kidominika, na Rosanny Zayas anayemwigiza pia. Na msimu wa tatu wakamrudisha Max mwenyewe, Daniel Sea yule yule, safari hii ana mwenzi na watoto na ametulia. Niambieni tamthilia gani nyingine imerudi kumtazama usoni mtu iliyemkosea.

FUNDI: Ni jambo la heshima. Lakini kuomba radhi hakutoshi kuwa kisa. Mimi nimeitazama hiyo ya pili na daftari mkononi, nikawa najiuliza: hawa vijana wanne wa mtaa wa Silver Lake, Dani, Sophie, Micah na Finley, urafiki wao nimeuona wapi? Nimeambiwa wao ni marafiki. Sijawaona wakichoshana, wakidaiana kodi, wakicheka kitu kisicho na maana. Kipindi cha kwanza kabisa Dani anamvisha Sophie pete ya uchumba. Msimu haujaisha, Sophie kalala na Finley. Msimu wa pili unafunguka na harusi, Finley anaivamia kuisimamisha. Ninapoombwa nilie kwa ajili ya urafiki uliovunjika, bado najiuliza ulijengwa lini.

BINTI: Kaka, hata ile ya kwanza ilikuwa na usaliti tangu mwanzo. Jenny alimsaliti mchumba wake kwa Marina hata mabegi hajayafungua vizuri.

FUNDI: Kweli. Lakini Jenny alikuwa mgeni mtaani, na sisi tuliingia pamoja naye. Usaliti wake ulikuwa mlango, na nyuma ya mlango palikuwa na meza imeshawekwa, watu wamezoeana miaka. Halafu hesabu: msimu wa pili wa ile ya kwanza una vipindi 13, wa tatu, wa nne na wa tano vina 12 kila mmoja. Ile mpya ilipewa 8, kisha 10, kisha 10. Mtu asiyeandika anadhani tofauti ni vipindi vitatu vinne. Siyo hivyo. Unapokuwa na 12, kuna vile viwili au vitatu vya katikati ambavyo bosi wa kituo akikuuliza "hapa kunatokea nini?" huna jibu la kumpa. Watu wamesafiri, wamegombania gari, wamelewa, wamerudi. Tamthilia ya urafiki huishi humo. Ukiwa na 8, cha kwanza kufyekwa ni hicho. Kinabaki kisa kitupu.

SHANGAZI: Na msimu wa sita wa ile yetu?

FUNDI: Vipindi 8, mama. Ndio mfupi kuliko yote, na ndio mashabiki wanaoulaani kuliko yote. Waliwachukua marafiki wale wale, waigizaji wale wale, wakawabebesha swali la nani kamuua Jenny, na kila mtu akageuka mshukiwa kabla ya kuwa mtu. Kwa hiyo msiniambie tatizo ni vijana wa siku hizi, wala msiniambie ni wazee. Muda ulipokatwa, hata wazee walishindwa.

Nimewahi kusoma hoja nyingi kuhusu tamthilia hizi, na nyingi huishia kwenye swali la nani aliwakilishwa na nani aliachwa. Hoja ya Fundi hainukii siasa, ndiyo maana ni rahisi kuiruka. Mimi naiona ndiyo kubwa kuliko zote zilizowekwa mezani leo. Hilo la Jenny nalo linafaa kusimuliwa kwa sababu ni kioja. Machi 2009 tamthilia iliisha Jenny amekutwa amekufa katika bwawa la kuogelea, polisi wanahoji, na muuaji hakutajwa. Chaiken alikuwa na mpango wa tamthilia nyingine, The Farm, ambamo Alice angekuwa gerezani. Showtime wakatazama kipindi cha majaribio wakakikataa. Kwa hiyo watazamaji walikaa miaka kumi na swali. Ufufuo ulipokuja ulilijibu kwa kupita tu: Jenny alijiua mwenyewe. Basi.

SHANGAZI: Na Kit? Tusimpite Kit. Mwanamke mweusi aliyekuwamo tangu mwanzo hadi mwisho, mwimbaji, mlevi aliyeacha pombe, mwenye huo mkahawa tunaousifu. Katika ile mpya amekufa kwa dawa za kulevya kabla hadithi haijaanza. Hatukuona mazishi. Kifo chake kimekuwa sababu ya Bette kugombea umeya wa Los Angeles. Nyinyi mnaotufundisha uwakilishi, mmemzika mama yetu nyuma ya pazia ili dada yake apate ajenda ya kampeni.

BINTI: Sina utetezi.

SHANGAZI: Basi tuko sawa, mimi na Max wangu, wewe na Kit wako.

BINTI: Lakini hapo kwenye umeya kuna jambo, Shangazi. Ninyi mlikuwa na Kapteni Tasha, mwanajeshi mweusi, aliyefikishwa mbele ya wakubwa wa jeshi kwa sababu ya kumpenda Alice. Sheria ya wakati huo ilimtaka mwanajeshi afiche au afukuzwe, na iliendelea kutumika mpaka 2011. Kisa kile kilikuwa na meno kwa sababu sheria ilikuwa na meno. Sisi tulipoanza Desemba 2019, Chicago ilikuwa imeshamchagua Lori Lightfoot, mwanamke mweusi aliyeoa mwanamke, tangu Aprili mwaka huo huo. Ndoa ilikuwa halali nchi nzima tangu 2015. Bette anagombea umeya, na maisha ya kweli yamemtangulia kwa miezi minane. Mnataka tuogope nini? Mkitulaumu kwamba hatuna moto, kumbukeni moto wenu uliwashwa na watu waliowachukia.

Jibu zuri, na sijaona aliyelijibu sawasawa. Nimeona pia kwamba Binti kasema Lightfoot "aliyeoa". Kiswahili hakijaamua nani anaoa na nani anaolewa hapo, naye hana muda wa kusubiri.

FUNDI: Ungekuwa na miaka ishirini na ukaishi Nairobi, usingeuliza uogope nini. Aprili 2018 filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku na bodi ya filamu ya Kenya. Wasichana wawili, mtaa wa Nairobi, wazazi wao wanagombania kiti kimoja. Mwongozaji alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Mwezi uliofuata ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa Cannes katika orodha rasmi, na Septemba Mahakama Kuu ikairuhusu ionyeshwe siku saba. Siku saba! Watu walipanga foleni. Kwa hiyo nikisikia mnagombania kama The L Word ilifaa kurudi mara ya pili, nacheka peke yangu. Sisi ya kwanza ilipewa wiki moja.

SHANGAZI: Unajua, nilipoisikia habari hiyo niliwapigia watu simu. Nilijua hiyo foleni ina hisia gani. Kitu kikiwa kimoja tu, unakibebesha kila kitu. Ndiyo maana tuliichukia The L Word kila Jumatatu na kuingoja kila Jumapili. Haikuwa na mwenzake wa kugawana lawama.

FUNDI: Na hapo ufufuo ulipata hasara mbili. Uliingia dunia yenye tamthilia nyingi za namna hiyo, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuutazama. Lakini ukabeba jina la enzi ya kitu kimoja, kwa hiyo kila mtu aliudai kila kitu.

BINTI: Kuna hasara ya tatu, na samahani, Shangazi: wazee walikataa kutoka jukwaani. Kila kipindi lazima Bette apate dakika zake, Shane apate mwanamke wake, Alice apate kipindi chake cha mahojiano. Mimi nawapenda. Lakini Dani na Micah walikuwa wapangaji katika tamthilia iliyopewa jina la kizazi chao. Kaka anasema hatukuona urafiki wao ukijengwa. Ungejengwa saa ngapi, na nusu ya saa imeshachukuliwa na watu waliokwisha kujenga wao?

SHANGAZI: Mngetuita basi kama si kwa ajili yetu? Tangazo lilikuwa na sura za nani? Waliweka wazee mlangoni ili watu waingie.

BINTI: Ndiyo. Na mlipoingia, mkakaa viti vyote.

Nimecheka. Shangazi naye amecheka, na amekiri kwamba alikuwa akiruka sehemu za vijana.

SHANGAZI: Lakini kitu kimoja walikipatia, nitawapa haki yao. Shane anarudi Los Angeles ana pesa, ananunua baa iliyochoka, anaipa jina la Dana's. Dana, mcheza tenisi wetu, aliyekufa kwa saratani ya matiti msimu wa tatu, na sisi tukaandika barua za hasira mpaka leo hatujasamehe. Hakuna aliyehutubia. Jina limewekwa, taa imewashwa, watu wanaagiza bia. Vijana wanaokunywa pale hawajui Dana ni nani. Nilifurahi kwamba hawakuambiwa.

BINTI: Na mjini humo kwa kweli baa za wanawake wa namna hiyo zilikuwa zimekwisha. The Palms ya West Hollywood, iliyodumu miongo mingi, ilifungwa 2013. Kizazi changu kinakutana kwenye simu. Kwa hiyo Dana's kwangu haikuwa kumbukumbu. Ilikuwa ndoto.

FUNDI: Sasa hapo mna tamthilia! Baa moja, kizazi kimoja kinajua jina limetoka wapi, kingine hakijui. Vipindi 12, na mtu asivamie harusi ya mtu.

Ufufuo ulipofika mwisho wake Januari 2023, Bette na Tina walifunga ndoa, Alice akarudiana na Tasha. Mashabiki wa zamani walipata walichokingoja, na waandishi wakapata makofi kwa kukitoa. Wapangaji wakaachwa mlangoni na mizigo yao, maana msimu wa nne haukuja. Wakati wa kufutwa kwake zilitoka habari kwamba Showtime inafikiria toleo jingine, la New York, chini ya Chaiken yule yule. Binti aliposikia jina hilo alipiga meza.

Kura yangu mimi: ufufuo ulikuwa wa haki, na Binti ameshinda kila hoja inayohusu nani alistahili kuingia. Lakini Fundi ameshinda kesi. Watu sahihi waliwekwa ndani ya muda usiotosha watu kufahamiana, na hakuna mwigizaji, hata awe na asili sahihi kiasi gani, anayeweza kuigiza miaka ambayo mswada haukumpa. Atakayepewa jina hilo tena aanze kwa kudai vipindi kabla ya kudai nyota.

Leisha Hailey na Katherine Moennig, yaani Alice na Shane, walianzisha podikasti yao mwaka 2020, msimu wa pili ulipokuwa bado haujaonyeshwa. Humo wameitazama upya ile tamthilia ya kwanza, kipindi kimoja kimoja, wanabishana, wanapotea njia, wanaongea habari za mbwa na chakula. Mwaka 2025 wakatoa na kitabu cha pamoja kuhusu urafiki wao. Vipindi vya podikasti hiyo vimeshazidi vya tamthilia zote mbili zikijumlishwa.